Contribute: kuchanga au kuchangia?

MAMA ASHA: Karibuni tena, tuko hapa Mwanga, Kigoma. Shikamoo mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, Mama Asha.

MAMA ASHA: Leo nina la kwangu. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Tuna shemeji yuko Mpulungu, kule Zambia, meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilikokuwa ikiishia. Tunaandikiana kwa Kiingereza. Nikamtumia ujumbe: please contribute the wedding. Akapiga simu papo hapo: "Shemeji, harusi nzima niitoe mimi?"

MWALIMU: Alikuelewa kama ulivyoandika. Kinachofuata contribute moja kwa moja ni kile kinachotolewa. Ukisema contribute fifty thousand, elfu hamsini ndiyo inayotoka mfukoni. Wewe mahali pa pesa umeweka harusi.

MAMA ASHA: Nilitaka tu kumwambia achangie.

MWALIMU: Sasa sikiliza, hapa ndipo ninapopapenda. Sisi tunachanga pesa, ila tunachangia harusi. Ile -ia ndiyo inayoonyesha mchango unaelekea wapi. Kiingereza kazi hiyo kinampa to: contribute to the wedding. Darasani mwanafunzi akiisahau, namwuliza tu, "-ia yako iko wapi?" Anairudisha mwenyewe.

MAMA ASHA: Na vyote viwili pamoja?

MWALIMU: Contribute fifty thousand to the wedding. Kikifuata kitenzi, kipe -ing: contribute to buying the food. Wengi husema to buy, wakidhani ni to ile ya kitenzi. Hapana, hii ni ile ile -ia yetu.

MAMA ASHA: Neno lenyewe limetoka wapi?

MWALIMU: Kilatini, contribuere. Con ni pamoja, tribuere ni kutoa au kugawa. Tribute na distribute ni ndugu zake. Katika Kiingereza jina contribution lilitangulia, karne ya 14, likitajwa kwa kodi. Kitenzi kilifuata karne ya 16.

MAMA ASHA: Kumbe lilianza na lazima! Hata kwetu, mzazi akisikia mchango wa shule hasikii hiari.

MWALIMU: Kweli kabisa. Tena neno halibagui jema na baya, kama letu. Mvua nyingi zilichangia ziwa kupanda hadi likaingia kwenye nyumba za watu: heavy rains contributed to the flooding. Hapo unasema mvua ni sababu mojawapo, si yote. Ukitaka kuibebesha mvua lawama yote, andika caused. Waandishi wa habari, tafadhali, hizo mbili msizichanganye. Mtu anaweza kulaumiwa kwa kosa lisilo lake lote.

MAMA ASHA: Basi namwandikia shemeji upya: please contribute to the wedding. Nitaje na kiasi?

MWALIMU: Usitaje. Ile nafasi baada ya contribute mwachie aijaze mwenyewe.