Mtoto Akikuambia, Utasema Nini Kwanza?

Ndugu wazazi, walezi, walimu, na nyinyi vijana mlioambiwa mkae viti vya nyuma, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie wawindaji wa watoto mtandaoni. Neno hilo, mwindaji, linanipa taabu kidogo. Ukilisikia unamwona mtu wa kutisha aliyejibanza kichakani. Ndipo mzazi anamwambia mwanawe, "Ukikutana na mtu mbaya huko, mkimbie." Mtoto anaitikia vizuri kabisa, halafu anarudi kuchati na mtu ambaye, kwa jinsi anavyomjua yeye, ni mwema kuliko wote waliomo nyumbani. Mimi nitasema mrubuni. Kurubuni ni kazi ya maneno matamu na subira, na huyu bwana ana subira kutushinda sisi wazazi.

Niruhusuni niwasomee mazungumzo. Nimeyatunga mwenyewe, ila anayeshughulika na kesi za namna hii atazitambua hatua zake.

Siku ya kwanza, ndani ya gemu: "Leo umecheza vibaya mno, yaani vizuri! Nimewaambia wenzangu huyu dogo ni hatari."

Siku ya nne: "Mbona kimya leo?" Mtoto: "Nimegombana na mama." Jibu: "Pole. Kuna wazazi hawaelewi tu. Mimi nakuelewa."

Wiki ya pili: "Humu watu wengi, tuhamie kule tunakoweza kuongea wawili tu."

Wiki ya tatu: "Hivi simu yako kuna mtu huwa anaishika?" Mtoto: "Hapana." Jibu: "Safi. Basi haya yetu yabaki yetu."

Mmesikia tusi? Hamna. Hakuna picha iliyoombwa, wala neno la mapenzi. Mzazi akiyasoma hayo huenda akafurahi kwamba mtoto kapata rafiki wa kumliwaza. Lakini kazi kubwa imeshakwisha. Amempa mtoto sifa alizokuwa na kiu nazo, amemtenga na mama yake kwa neno moja la huruma, amemtoa mahali penye macho ya watu, kisha amepima kama siri inakaa. Hayo ya picha yatafuata, na yakifika yataonekana kama ombi dogo kutoka kwa mtu ambaye mtoto anaona ana deni lake.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha New Hampshire nchini Marekani, Janis Wolak, David Finkelhor na wenzao, walichapisha makala iliyotikisa mambo tuliyozoea kuyaamini. Walichunguza kesi zilizofika polisi ambazo mtu mzima alianza kukutana na mtoto mtandaoni kabla ya kumtendea kosa la ngono. Wengi wetu tungedhani mtu huyo alijifanya kijana mwenzake. Waliojifanya hivyo walikuwa asilimia 5 tu. Katika kesi nyingi mtoto alijua anaongea na mtu mzima, na alikwenda kuonana naye kwa miguu yake, akiamini kapata mpenzi. Kwa hiyo somo letu la "usiongee na usiyemjua" linampita mtoto pembeni. Baada ya miezi miwili ya kuchati kila usiku, kwake huyo si mtu asiyemjua.

Tangu hapo umeingia ulaghai wa namna nyingine, wa haraka, na huu unawalenga zaidi wavulana. Hapa uongo wa umri na jinsia ndio chambo. Akaunti feki yenye picha ya msichana mrembo inamfuata kijana, inamchekea, inamtumia picha ya utupu, kisha inasema, "Na wewe." Kijana akituma, sauti inabadilika dakika hiyo hiyo. Anaonyeshwa majina ya marafiki zake, binamu zake, mwalimu wake, na kuambiwa atoe hela au wote wataiona. Akilipa, anaambiwa aongeze. Kati ya Oktoba 2021 na Machi 2023, FBI na idara nyingine ya uchunguzi ya Marekani zilipokea ripoti zaidi ya 13,000 za watoto waliotishwa hivyo ili watoe fedha. Waathirika walikuwa angalau 12,600, wengi wao wavulana. Angalau 20 walijiua.

Nawaomba mtulie kwenye hiyo namba ya mwisho. Picha yenyewe haikumuua mtoto yeyote. Nyingine labda hazikuwahi hata kusambazwa. Kilichomfika mtoto ni zile saa alizokaa peke yake chumbani, ukuta mmoja tu ukimtenga na watu wanaompenda, akiwa na hakika kwamba hawezi kuwaambia.

Amanda Todd, msichana wa Kanada, alikuwa darasa la saba mgeni mmoja alipomsifia mbele ya kamera ya kompyuta hadi akajionyesha kwa muda mfupi. Picha ikanaswa. Baadaye mtu akamrudia nayo, akidai ajionyeshe tena. Alipokataa, ikasambazwa. Akahama shule, na picha ikamfuata kwa marafiki wapya. Septemba 2012 alirekodi video akiwa kimya, akinyanyua karatasi moja baada ya nyingine zenye masimulizi yake. Tarehe 10 Oktoba mwaka huo alifariki, ana miaka 15. Mwaka 2022 mahakama ya Kanada ilimtia hatiani mwanamume wa Uholanzi na kumhukumu miaka 13. Alikuwa amemwandama kwa akaunti 22 za uongo, huku bahari nzima iko kati yao. Kwao Uholanzi alikuwa ameshahukumiwa kwa kuwatesa makumi ya watu wengine kwa njia hiyo hiyo.

Watu wa namna hii si wachache. Mwaka 2013 shirika la Terre des Hommes la Uholanzi lilitengeneza kwa kompyuta sura ya mtoto wa miaka 10, likamwita Sweetie, likamweka kwenye vyumba vya kuchati. Ndani ya wiki 10 watu zaidi ya 20,000 walimfuata. Elfu moja walitambuliwa ni nani, kutoka nchi 71, wote wakiwa tayari kumlipa afanye vitendo vya ngono mbele ya kamera. Na mtoto mwenyewe hakuwepo duniani.

Sasa narudi kwetu, maana mrubuni hayupo ukumbini na sina la kumwambia.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tumelitumia neno hilo miaka na miaka kumhimiza mgonjwa amfungulie mganga, tukalisahau kwa watoto wetu, wanaofichishwa uchi halisi kwenye simu. Mrubuni anategemea aibu, na aibu hiyo sisi ndio tulioipanda. Kila tulipomcheka jirani ambaye picha za binti yake zilivuja, mtoto alikuwa anasikia. Kila tuliposema "angekuwa wangu ningemuua", alituamini.

Nyongeza yake ni simu. Mtoto akileta tatizo la mtandaoni, adhabu yetu ya kwanza ni kumnyang'anya. Kwetu ni ulinzi. Kwake ni kukatwa na marafiki wote kwa sababu kasema ukweli. Akipiga hesabu hiyo, anaamua kunyamaza. Hata mimi ningenyamaza.

Wengine mtaniuliza kuhusu programu za kupeleleza simu. Kwa mtoto mdogo, anayejua kwamba unaangalia, sina ugomvi nazo. Lakini ukimwekea kwa siri kijana wa miaka 16, unamfundisha kwamba anayekupenda hukuchunguza bila kukuambia. Mrubuni naye atamfundisha hivyo hivyo.

Kwa hiyo fanyeni mazoezi ya sentensi ya kwanza, mtamke kwa sauti, hata leo garini. "Asante kwa kuniambia. Hili si kosa lako. Tulishughulikie pamoja." Maswali ya "ulikuwa unafanya nini huko" yasubiri, na mengine yasiulizwe kabisa. Uso wako nao ni sentensi. Ukikunja ndita, maneno matamu hayatasaidia.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi kuliko mnavyodhani. Msilipe. Msifute mazungumzo hata kama yanachefua, kwa kuwa huo ndio ushahidi: jina la akaunti, tarehe, vitisho, namba aliyotaka itumiwe hela. Pigeni skrinshoti za maandishi hayo. Ripotini akaunti kwenye mtandao husika, mzuieni, nendeni polisi. Picha ya mtoto yenyewe usimtumie shangazi, usiiweke kwenye kundi la familia kuomba ushauri. Hapo unakuwa wewe ndiye msambazaji. Kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kwa picha zilizopigwa kabla mtu hajafikisha miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako. Kinachotumwa ni alama yake tu, mfano wa alama ya kidole, ili mitandao iliyojiunga na huduma hiyo iweze kuitambua na kuiondoa.

Vijana wa nyuma, sasa nawafikia nyinyi. Najua mmechoka kuonywa, kwa hiyo nina mambo mawili tu. Mtu mzima anayekuambia "usimwambie mtu" anakuonyesha ni nani anayemwogopa, na si wewe. Jambo la pili ni kwa yule ambaye tayari yamemkuta, na katika umati huu simshangai akiwepo. Hata kama ulituma kwa hiari, hata kama wewe ndiye ulianza kumsalimia, hata kama ulidanganya umri, mwenye kosa ni aliyekutisha. Kama nyumbani hapasemeki, tafuta mtu mzima mwingine leo, kabla ya kulala.

Sasa ni wakati wa maswali, na najua hakuna kijana atakayesimama kwenye maikrofoni mbele ya mama yake. Chini ya kila kiti cha nyuma kuna karatasi na kalamu. Andikeni, msiweke majina, mkunje, mpitishe mbele hadi hapa mezani. Wazazi, karatasi zikipita mikononi mwenu, zipitisheni bila kuzifungua.