Buffalo: Ndege Iliyokosa Ndugu

BAKARI: Karibuni tena. Tumekaa Ngamiani leo, kwa hiyo mkisikia kengele za baiskeli msishangae, ndiyo Tanga hii.

MWANAIDI: Na muuza kahawa anagonga vikombe hapa. Haya kaka, ulisema ndege ya jeshi.

BAKARI: Buffalo, DHC-5. Ya Kanada, kiwanda cha de Havilland Canada, iliruka mara ya kwanza Aprili 1964. Jeshi letu lilikuwa nazo, na Wakenya pia.

MWANAIDI: Sifa yake nini?

BAKARI: Kiwanja kifupi, tena cha udongo. Injini mbili, mkia kama herufi T, na mlango wa nyuma unashushwa hadi chini, gari linapanda lenyewe.

MWANAIDI: Sasa mbona siku hizi huisikii?

BAKARI: Spea, dada yangu. Buffalo zilitengenezwa mia moja na ishirini na ushei tu. Hercules, ndege ya mizigo ya Wamarekani, ni mkubwa wake kwa umri, aliruka 1954, lakini zimeshapita 2,500 na mpya bado zinatoka kiwandani. Ni kama baiskeli za Phoenix hapa mtaani: spea kila kibanda. Sasa mpelekee fundi baiskeli ya ajabuajabu kutoka Ulaya...

MWANAIDI: Atakwambia "iache, njoo kesho".

BAKARI: Na kesho yenyewe ni mfungo mosi! Kwa hiyo mwenye Buffalo tatu anachinja moja ili mbili ziruke. Wakanada wenyewe walianza nazo 1967, wakaziaga Januari 2022.

MWANAIDI: Ngoja. Boliti si chuma? Si mpeleke tu kwa mkerezaji?

BAKARI: Atakukerezea, na itang'aa. Ila ya ndege ina karatasi zake: namba, imetoka wapi, nani kaifungua, imeruka jumla ya saa ngapi. Za kwenye miguu ya ndege huhesabiwa mpaka mara ilizotua. Karatasi ikipotea, hicho ni chuma chakavu hata kama hakijatoka kwenye boksi.

MWANAIDI: Makubwa!

BAKARI: Kwa sababu ufa hauonekani kwa jicho. Fundi anakisafisha chuma, anapaka rangi nyekundu nyepesi kama maji, anasubiri inyonywe. Anafuta mpaka kiwe safi kabisa, kisha anapulizia unga mweupe. Kama kuna ufa, rangi iliyojificha inarudi juu yenyewe. Unaona kistari chekundu, chembamba kama unywele.

MWANAIDI: Hiyo rangi nitaipata wapi? Ekseli yangu ilikatika mwezi uliopita, naenda Raskazone na ndoo ya samaki.

BAKARI: Pole! Ulishaibadilisha zamani?

MWANAIDI: Niliuziwa "mpya". Sikuulizwa karatasi wala sikuuliza.

BAKARI: Na samaki?

MWANAIDI: Waulize paka wa Raskazone.