Kutotolesha Kambare: Chakula Kwanza, Sindano Baadaye

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipokea. Kina mama mmekaa mbele, vijana mko nyuma kabisa. Vijana sogeeni, maana leo tutaangalia vitu vidogo sana.

Najua wengi mmekuja kujifunza sindano. Nitaifundisha. Lakini anayeanza kazi hii mara nyingi hawapotezi vifaranga siku ya kudunga. Huwapoteza kuanzia siku ya tatu au ya nne baada ya kutotolewa, akiwa ameshatangaza kwa majirani kwamba amefaulu. Kwa hiyo mengi nitakayosema yanahusu siku hizo.

Kwanza, kwa nini tunadunga? Kambare wa ziwani husubiri mvua. Maji yakipanda na kufunika majani ya ukingoni, jike na dume huingia humo usiku na kutaga. Bwawani kwako hali hiyo haipo. Jike atajaza mayai tumboni na kukaa nayo tu. Homoni ndiyo inayomfungulia njia.

Chagua jike mwenye tumbo laini lililojaa, tundu la uzazi limevimba na kuwa jekundu. Minya taratibu: mayai yakitoka yakiwa na ukubwa mmoja, huyo yuko tayari. Dume utamtambua kwa kinundu kirefu chenye ncha, nyuma kidogo ya tundu la haja. Ukitumia homoni ya dukani kama Ovaprim, kipimo cha kawaida ni mililita 0.5 kwa kila kilo ya samaki, sindano ikiingia kwenye nyama ya mgongo kwa mshazari. Asiyeipata hutumia tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kutoka kwa kambare mwingine aliyekomaa mwenye uzito kama wa jike huyo. Husagwa na kuchanganywa na maji ya chumvi safi, gramu 9 kwa lita.

Baada ya hapo pima joto la maji, maana ndilo linaloamua saa ya kumkamua jike mayai. Kwenye nyuzi 25 husubiri kwa muda wa saa 11 hivi, kwenye nyuzi 30 kwa muda wa saa 7 hivi. Ukidunga saa tatu usiku kwenye nyuzi 25, saa mbili asubuhi uwe na beseni mkononi. Na chombo cha jike kifunikwe vizuri. Kambare huruka.

Dume wa kambare hakamuliki kama jike. Tunamchinja, tunatoa korodani. Mama mmoja ameguna, na namwelewa, lakini dume mmoja hutosha majike kadhaa, na nyama yake inaliwa.

Sasa tazameni hapa. Jike amefutwa kwa taulo, beseni ni kavu kabisa. Tone la maji likiingia mapema, mayai hujifunga kabla mbegu hazijafika. Gramu moja ya mayai ina mayai kama 600 hadi 700, kwa hiyo hapa kwenye gramu 100 tuna zaidi ya 60,000. Katakata korodani, kamulia juu ya mayai, ongeza maji safi, koroga kwa unyoya wa kuku. Mbegu zikishaguswa na maji huogelea kwa muda mfupi tu, hata dakika mbili hazifiki, kwa hiyo usisimame kuongea. Kisha tandaza mayai kwenye wavu ndani ya maji ya tangi, tabaka moja. Yakirundikana, yaliyokufa hushika ukungu mweupe na kuambukiza mazima.

Kwenye nyuzi 27 au 28, baada ya siku moja hivi wametotolewa. Watajikusanya kwenye kona zenye giza. Toa wavu wenye mayai mabovu, funika tangi, usiwape chochote. Wana kiini cha yai tumboni, kinawatosha siku tatu hivi.

Hapo ndipo penyewe. Kiini kikiisha, wanaanza kuogelea wakitafuta, na midomo yao ni midogo mno. Unga wa dagaa hauwafai. Wanataka chakula kilicho hai: artemia, vijidudu ambavyo mayai yake huanguliwa kwa muda wa saa 24 hivi kwenye maji ya chumvi yanayopulizwa hewa, au wadudu wadogo wa bwawani. Wadudu hao hawaji kwa kuitwa. Bwawa la kuwazalisha uliwekee mbolea ya kuku wiki moja au zaidi kabla ya kumgusa jike, kisha uwavue kwa kitambaa chepesi. Bwawa likiwa bado maji matupu, ahirisha sindano.

Walishe kidogo kidogo, mchana na usiku. Wakijazwa kupita kiasi, matumbo hupasuka na wanakufa wengi kwa mkupuo. Mabaki yanyonye kwa mpira kila siku, maana bado hawawezi kuvuta hewa ya juu kama wazazi wao; oksijeni ikipungua majini wanaisha.

Kijana ameuliza mbona idadi hupungua bila maiti kuonekana. Wanalana, mwanangu. Mwanzoni huumana mikia, baadaye mkubwa humeza mdogo mzima. Kuanzia siku ya kumi hivi watenganishe kwa chekeche kulingana na ukubwa, na urudie kila wanapopitana ukubwa. Ukiwahamishia bwawani, weka uzio wa wavu: vyura hula wengi kuliko mnavyodhani.

Kuhusu soko, msiwafikirie wafugaji peke yao. Huku Ziwa Victoria wavuvi wa migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, hununua vifaranga vya kambare kuwa chambo cha sangara. Nenda mwaloni, wanakoshushia samaki, uwaulize wanataka urefu gani na kwa wiki wanahitaji wangapi, kisha ndipo upange utamdunga jike lini.