Ujerumani wanafuga matumbawe sebuleni

Hamjambo ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko kwa jamaa mmoja hapa Ujerumani anayefuga matumbawe sebuleni. Yale yale tunayoyajua Wasini na Chumbe, ila haya yako ndani ya tangi la kioo, na yako hai.

Angalieni mkono wake. Anakata kijitawi cha Akropora, aina ya tumbawe lenye matawi, kwa koleo, anadondosha supaglu kwenye kisahani cha udongo, anabandika, anarudisha majini. Baada ya muda tumbawe litatambaa lifunike gundi yote, kisha lichipue matawi mapya. Mwisho wa wiki wafugaji wanakutana ukumbini na kupeana vipande, kama mama zetu wanavyopeana miche ya maua.

Hili ndilo linalonifurahisha. Zamani karibu kila tumbawe lililouzwa Ulaya lilitolewa baharini. Miaka ya 1980 pale Berlin, mfugaji Dietrich Stüber alifanikiwa kukuza Akropora nyumbani, akawagawia wenzake vipande, nao wakawagawia wengine. Halafu 2018 Indonesia, muuzaji mkubwa, ikasimamisha usafirishaji wa matumbawe kwa muda. Maduka yakakaukiwa, na wengi wakaona kumbe walichohitaji kiko kwa jirani.

Umeme nao umewabadilisha. Bei zilipopaa 2022, waliokuwa bado na taa kubwa za zamani wengi walihamia taa za LED zinazokula umeme kidogo, na hapa zinawashwa kwa mwanga wa buluu. Ndiyo maana sebule nzima hapa ni ya buluu. Na maji! Yanachanganywa na chumvi maalumu, takriban gramu 35 kwa lita, halafu sampuli inatumwa maabara kupimwa kalisi, iodini na madini mengine chungu nzima. Mimi naona ni uangalizi mzuri, maana tumbawe halina namna ya kulalamika.

Samaki ndio bado. Wale wadogo wa rangi ya chungwa wanaokaa kwenye anemoni, wale wanyama wa baharini wanaofanana na maua, wanazalishwa kwenye matangi siku hizi, lakini kangaja wengi bado wanavuliwa baharini, wakiwemo wa pwani ya Kenya. Mnunuzi akiweza kuuliza tumbawe limekuzwa wapi, aulize pia samaki kavuliwa na nani, na huyo mvuvi amepata nini.

Kwa hiyo wapiga mbizi wa Shimoni na Msambweni mnaonitazama, niandikieni hapo chini: kangaja wa buluu akiwa hai, wakala anawapa shilingi ngapi? Nataka niweke jibu lenu kando ya bei ya dukani hapa, wafugaji hawa wazione zote mbili.