Bahari Haina Kiingilio: Likizo ya Kisiwani kwa Mfuko Mdogo

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Mlionisikia zamani mnajua ninakoelekea, nivumilieni. Kila ninaposimama mbele ya watu naulizwa kama mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kwenda kwenye visiwa vile vya kwenye picha, mchanga mweupe na maji ya feruzi. Anaweza. Bahari haina kiingilio. Kinachotafuna fedha kisiwani ni kujitenga, yaani kutaka kulala, kula na kusafiri mahali ambapo mwenyeji hayupo.

Tuichukue Maldivi, nchi ya visiwa katika Bahari ya Hindi. Nasikia mnaguna, na ndiyo sababu nimeichagua. Utalii ulianza kule mwaka 1972, na kwa miongo mingi utaratibu ulikuwa kisiwa kimoja, hoteli moja. Mgeni anapelekwa kwenye kisiwa kisicho na kijiji. Hebu pigeni hesabu. Hoteli hiyo inajizalishia umeme kwa majenereta ya dizeli. Inaondoa chumvi kwenye maji ya bahari ili wewe upate ya kuoga. Wafanyakazi wake wote wanalala na kula palepale, na nyanya inayokatwa kwenye saladi yako imesafiri kwa boti. Kama hoteli iko mbali na uwanja wa ndege, wewe mwenyewe unapelekwa kwa ndege inayotua majini, na nauli yake kwenda na kurudi ni dola mia kadhaa. Hapo hujala wala hujalowesha hata unyayo.

Kuanzia mwaka 2009 mambo yalibadilika, wananchi wakaruhusiwa kufungua nyumba za wageni kwenye visiwa wanavyoishi wenyewe. Kwenye kisiwa cha namna hiyo bandari ipo, umeme upo, duka lipo, zahanati ipo. Vyote vilijengwa kwa ajili ya wakazi, nawe unalipia sehemu yako ndogo tu. Bahari ni ileile, na papa wadogo wa kwenye maji mafupi hawaulizi umelala wapi.

Mfano wangu ni kisiwa cha Maafushi, kusini mwa Malé, mji mkuu. Boti ya kasi inakufikisha kwa nusu saa hivi na inataka dola ishirini na kitu. Feri ya umma inachukua saa moja na nusu, na nauli yake haifiki dola 5. Nilipanda feri. Mbele yangu aliketi mama mmoja ameshika trei za mayai mapajani, amezifunga kwa kamba ya katani, na kila wimbi lilipopiga ubavuni aliziinua kidogo kwa mikono miwili, kisha akazishusha taratibu bila kuangalia. Njia nzima halikupasuka hata yai moja. Tuliposhuka ndiye aliyenionesha njia ya kwenda nilikofikia. Karibu na gati kuna viti vya wavu vilivyosukwa kwenye fremu za chuma, wenyewe wanaviita joali. Wazee wanakaa hapo jioni kupunga upepo. Ukikaa utaambiwa nani anakwenda kuvua kesho, na nani ana nafasi kwenye mashua yake.

Sasa najua atakayesimama. "Lakini feri inachelewa, na Ijumaa haitembei!" Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema usipange kuondoka kisiwani siku ya ndege yako. Rudi mjini siku moja kabla. Watu wanaokoa nauli ya boti halafu wanakosa ndege, kisha wanasema likizo ya bei nafuu haiwezekani! Hilo ni kosa la ratiba, si la feri.

Mwingine atasema kwenye visiwa vya wenyeji pombe hakuna na mavazi ya kuogelea yana ufuo wake maalumu. Ndivyo ilivyo, ni nchi ya Kiislamu na pale ni nyumbani kwa watu. Kama likizo yako haikamiliki bila hivyo, chagua kisiwa kingine, dunia ina visiwa vingi. Usiende kwa watu ukaanza kununa.

Na hili linaniudhi, acheni niliseme: kuna wanaodhani kutumia kidogo ni kupora. Wanabishana na muuza samaki juu ya senti, ilhali tiketi ya ndege waliilipa bila kufungua mdomo. Punguza kwenye boti, punguza kwenye chumba. Mvuvi mlipe anachostahili.

Mwenyekiti ananionesha saa, kwa hiyo ya msimu nayapitia haraka. Msiogope mvua kwa jumla, ulizeni mvua ya upande upi. Thailand, pwani ya Phuket hunyeshewa zaidi kati ya Mei na Oktoba, ilhali kisiwa cha Koh Samui, upande wa pili wa nchi hiyohiyo, mvua zake kubwa huja Oktoba hadi Desemba. Karibi, msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba na bei hushuka. Visiwa vya Aruba, Bonaire na Curaçao, hukohuko Karibi, viko kusini ya njia ya vimbunga vingi. Bonaire ina faida nyingine: mwamba wa matumbawe uko karibu mno na nchi kavu, na sehemu za kuingilia majini zimewekewa mawe ya rangi ya njano kandokando ya barabara. Unaegesha, unaingia. Mashua ya nini?

Pia angalieni kupwa na kujaa kabla ya kulipia chumba. Kuna fukwe ambazo wakati wa bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, maji yanakimbia mbali, unabaki na mawe na shokomzoba, wale wanyama wa miiba, kwa saa kadhaa. Picha ya tangazo ilipigwa maji yakiwa yamejaa, daima. Miwani ya kuzamia na mrija nunueni vyenu, kuazima kila siku kunamaliza fedha.

Chakula nilikiandalia sehemu nzima, haitawezekana. Bima ya safari tutaigusa kwenye maswali, maana naona mikono imeshaanza kuinuka kule nyuma. Karibu, dada.