Mke wa mpagazi asubiri miaka mingapi?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie riwaya ya watu waliotenganishwa na vita wakawa wanatafutana. Nitapitia mswada wangu mwenyewe, maana huu ni mwaka wa tatu unaninyima usingizi.

Vita vya hapa Tanga vya Novemba 1914, Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, nani havijui? Waingereza wakaleta askari kutoka Bara Hindi, wakashukia Ras Kazone, nyuki wakawavamia, baada ya siku chache wakarudi melini. Tumesimuliwa nyuki mpaka tukadhani vita vyote vilikuwa nyuki. Kwenye mswada nimewatoa. Wanachekesha, lakini hawakumtenganisha mtu na mkewe. Kilichotenganisha watu ni mzigo.

Huko bara mbung'o walimaliza wanyama, magari machache, barabara hakuna. Kikabaki kichwa cha mtu. Pande zote mbili zilichukua wanaume wakabebe unga na risasi, na waliouawa na kuhara, homa na njaa walikuwa wengi kuliko wa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Nendeni pia kwenye Sanamu ya Askari ya 1927: imeandikwa kuwa wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Soma mpaka uchoke, jina la babu yako hulioni.

Basi mtu wangu anachukuliwa Ngamiani, hapa hapa Tanga, mwaka 1916, kabla Waingereza hawajauteka mji mwezi wa Julai. Mkewe anachana doti ya kanga, upande mmoja anamsokotea ngata ya kichwani, upande mmoja anabaki nao. Binti yangu aliposoma akasema, "Kwa hiyo watatambuana kwa kanga, kama sinema ya Kihindi?" Nikanuna siku nzima. Kisha nikaiozesha ile kanga njiani, kwenye mvua za Rufiji.

Wajerumani walisalimu amri Abercorn, siku hizi Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Piga hesabu mwendo wa kutoka Mbala mpaka Tanga kwa mguu mbovu, na mafua makali ya mwaka ule yanafagia vijiji.

Mwandishi mvivu atabaki njiani na mwanamume. Mimi nataka tukae na mwanamke, kwa kadhi. Hana maiti, hana barua, hana shahidi. Hitima amsomee nani? Sheria inamwita mumewe mafkudi, yaani aliyepotea, hajulikani yu hai au amekufa. Katika madhehebu yetu ya Shafi kuna kauli mbili: ya kwanza, asubiri miaka minne, kisha akae eda miezi minne na siku kumi, yuko huru. Ya pili, iliyokuja baadaye, asubiri mpaka ipatikane yakini. Oneni hapo! Riwaya nzima imo katikati ya kauli mbili, wala sijabuni kitu. Kadhi wangu anachukua ile ya kwanza, kwa huruma. Anaolewa na mtu mwema. Huyo mtu mwema ndiye aliyenisumbua kuliko wote, ningependa awe mbaya kidogo.

Mwaka 1921, magharibi, mtu anapiga hodi. Anatoka mtoto wa miezi kadhaa mgongoni mwa dada yake wa kambo, na yule dada, ambaye aliachwa tumboni, anamtazama mgeni miguu.

"Karibu," anasema. "Baba hayupo."

Hapo ndipo nilipofika.