Jarida lililozaliwa kwenye katalogi ya spea

SALIM: Wasikilizaji karibuni, leo tunaanzia New York mwaka 1904. Kuna kijana wa miaka 19 katoka Luxembourg anaitwa Hugo Gernsback, kaja na wazo lake la betri. Betri haikumtajirisha, ila akagundua kwamba Marekani vifaa vya majaribio ya umeme ni shida kupata, vingi unaagiza Ulaya, ndo akafungua biashara ya kuagiza, Electro Importing Company.

MWANAIDI: Hapo ndo inakuja ile seti ya Telimco.

SALIM: Enhe. Mwishoni mwa 1905 kuingia 1906 anaanza kuitangaza, bei haifiki dola 10, redio kamili ya kutuma na kupokea.

MWANAIDI: Waeleze watu ilikuwa inafanya nini kaka Salim, maana mtu akisikia redio anawaza muziki.

SALIM: Hamna muziki, hamna sauti ya mtu kabisa. Unabonyeza swichi, cheche inaruka, chumba kingine kengele inalia. Basi. Sasa uzuri uko upande wa kupokea, kuna kamrija kadogo ka kioo ndani kana chembechembe za chuma zimelala tu zimelegea, umeme haupiti vizuri, wimbi la ile cheche likifika chembe zinashikana, umeme unapita, kengele inalia, halafu kinyundo kinagonga ule mrija chembe zinaachana, unangoja cheche nyingine.

MWANAIDI: Na hamna waya katikati.

SALIM: Hamna waya! Gernsback mwenyewe alisimulia baadaye kwamba polisi alikuja dukani, mtu kalalamika eti kwa bei ile lazima ni utapeli. Wakamwonyesha, kengele ikalia mbele yake, bado anauliza waya ziko wapi.

MWANAIDI: Mimi hilo swali la polisi naliheshimu sana aisee, maana wateja nao walikuwa nalo. Ukimuuzia mtu kitu asichokielewa anakinunua mara moja tu, kikizima kinaishia chini ya kitanda. Ile katalogi ya spea ya kampuni ya Gernsback ilibidi ianze kufundisha, na ukishaanza kufundisha kurasa hazitoshi. Ndo Aprili 1908 linatoka jarida la Modern Electrics.

SALIM: Na mwaka unaofuata, 1909, anaanzisha chama, Wireless Association of America, vijana wa kule na wa huku waliokuwa na stesheni zao wanajua kumbe hawako peke yao.

MWANAIDI: Ila tuseme ukweli, jamaa alikuwa anauza. Makala inakufundisha koili, yaani waya uliozungushwa raundi nyingi, tangazo linakuuzia koili, na duka ni lake.

SALIM: Alikuwa anauza ndiyo, sikatai. Lakini mchoro wa saketi ukishauchapa huwezi kuurudisha dada, kijana anaukopi kwenye daftari, anampa mwenzie, mwenzie hana hela ya koili anazungusha yake nyumbani.

MWANAIDI: Hapo nakubali, na mfano ninao. Mwaka 1922 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani ilitoa kijitabu cha kutengeneza redio ya kristali nyumbani, koili yake unachukua lile boksi la duara la kadibodi la shayiri ya uji, unazungushia waya wa shaba raundi kwa raundi bila kupandishana, kila baada ya raundi kadhaa unatoa kitanzi kidogo cha kubadilishia stesheni. Halafu unahitaji kajiwe ka galena, ni madini yenye metali ya risasi, kanang'aa kama kioo kilichovunjika, na kawaya kembamba ka kukagusa. Sasa hapo ndo kazi, unavaa hedifoni unagusa hapa kimya, unagusa pale kimya, unasogeza kidooogo, ghafla mtu anaongea sikioni mwako. Na haina betri! Nguvu yote inatoka kwenye wimbi lenyewe lililoshikwa na antena yako.

SALIM: Na mikono ikitikisika tu umeipoteza, unaanza upya.

MWANAIDI: Unaanza upya. Halafu kuna huyu Powel Crosley wa Cincinnati, 1921 mwanawe anataka redio, anafika dukani anakuta zaidi ya dola 100, anaondoka na kijitabu cha senti 25 wanatengeneza wenyewe nyumbani, na miaka michache baadaye kampuni yake ni kati ya kubwa kabisa za redio Marekani. Senti 25 jamani!

SALIM: Mimi kinachonishika zaidi ni ile sheria ya 1912. Titanic imezama Aprili, Agosti sheria inatoka, watu wa redio ya ridhaa, yaani wanaorusha kwa kupenda tu bila malipo, wanasukumwa kwenye mawimbi ya urefu wa mita 200 kushuka chini, nguvu mwisho kilowati 1. Wakati ule wataalamu wanaamini wimbi refu ndo linaenda mbali, kwa hiyo wamepewa eneo ambalo kampuni hazilitaki.

MWANAIDI: Na hawakuondoka.

SALIM: Hawakuondoka! 1914 pale Hartford, mtu wa ridhaa Hiram Percy Maxim anaona stesheni moja haifiki mbali, basi ujumbe upokezwe stesheni hadi stesheni, ndo kikaanzishwa chama cha ARRL, American Radio Relay League, na Desemba 1915 jarida lao QST likaanza. Vita 1917 ikazima kila kitu, wamerudi 1919. Desemba 1921 wanamtuma mwenzao Paul Godley hadi Ardrossan, Scotland, kakaa kwenye hema baridi hiyo na mvua, anasikiliza usiku hadi anazipata stesheni za ridhaa za Marekani. Novemba 1923 wakashuka hadi kama mita 100, Léon Deloy yuko Nice, Fred Schnell yuko Connecticut, wanajibizana kuvuka Atlantiki. Kumbe wimbi fupi linapanda juu angani linarudishwa chini huko mbali.

MWANAIDI: Masafa mafupi hayo hayo! Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza 1957 ilitufikia kwa njia hiyo, wazee wetu wanazungusha kitufe cha SW jioni, yaani ni lile eneo lililodharauliwa.

SALIM: Ndo hilo. Na kila mafanikio yalichapwa, nani kasikika wapi, kwa wimbi gani, mchoro huu hapa, mwingine anasoma naye anajaribu. Oktoba 1924 Cecil Goyder, mwanafunzi wa shule ya Mill Hill London, mwanafunzi wa sekondari dada, anawasiliana na Frank Bell ambaye yuko kwenye shamba la kondoo New Zealand.

MWANAIDI: Upande wa pili wa dunia, kwa herufi za Morse.

SALIM: Upande wa pili kabisa. Wiki ijayo tunaingia kwenye valvu, ile mirija ya kioo ya kukuza mawimbi, maana Goyder hakufika kule kwa cheche, na hapo kuna kesi za mahakamani za miaka mingi kati ya wavumbuzi wawili wa Marekani, de Forest na Armstrong.

MWANAIDI: Hiyo itahitaji vipindi viwili.